Fiwi za Shamba la Chini

Bibi Fagio hakupewa jina hilo kwa ajili ya uwanja wake, ingawa uwanja nao ulifagiliwa mpaka kuku walikuwa wanaona haya kuukanyaga. Alipewa kwa ajili ya shamba. Watu wengine wakishavuna mtama huacha mabua yamesimama tu, mifugo ipite ijilie. Yeye hapana. Siku ya tatu baada ya mavuno ungemkuta ameng'oa kila kisiki, amezoa kila jani, amefagia kwa fagio la vijiti kutoka mpaka hadi mpaka, halafu ametia kiberiti. Ukipita njiani ungedhani pale wanasubiriwa wageni wa heshima. Alifanya hivyo miaka thelathini na minne, tangu alipoolewa, na wapita njia walikuwa wakisimama na kusema, "Shamba hili mtu anaweza kulia chakula chini, bila sahani." Naye alijifanya hasikii, kumbe anasikia vizuri sana.

Shida ni kwamba shamba lile safi lilikuwa halizai.

Lilikuwa limegawanywa na tuta la mawe: shamba la juu lililopanda kuelekea nyumbani, na shamba la chini lililopakana na njia. Juu mtama, chini mtama. Mwaka huu mtama, mwaka kesho mtama. Mvua za pale zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, mtu hana nafasi ya kujaribu mambo; unapanda unachokijua na kunyamaza. Ila kila mwaka masuke yalizidi kuwa mepesi, na kila mwaka kile kigugu chenye maua ya zambarau, kiduha, kilizidi kuota miguuni pa mtama na kuunyonya mizizi, kama mgeni anayemaliza chakula kikiwa bado jikoni. Bibi Fagio alikuwa anaking'oa huku akikiita majina ambayo hakuyataka wajukuu wake wayasikie. Kesho yake kimerudi, kimevaa zambarau yake, kinatabasamu.

Wajukuu hao walikuwa wawili, pacha wa darasa la kwanza. Aliishi nao pamoja na mama yao, mkamwana wake, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha. Baba yao, mtoto pekee wa Bibi Fagio, alikuwa dereva wa lori huko mjini, akija nyumbani pale mzigo unapomleta karibu. Jioni moja baada ya mavuno mabaya alipiga simu.

"Mama, nimeongea na Bwana Trekta. Yuko tayari kulikodi shamba lote, juu na chini, miaka mitano. Nyie mje mkae na mimi."

"Tukae wapi?"

"Kwangu, Mama. Chumba na sebule."

Bibi Fagio alikuwa amewahi kukaa wiki mbili katika chumba na sebule hicho. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na ukuta ulitazama dirisha, hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Alifagia sakafu mara sita kwa siku kwa kukosa la kufanya, mpaka mwanawe akaficha fagio juu ya kabati.

"Nitafikiri," alisema, akakata simu. Shamba lile alilikuta lina mawe, akayatoa kwa mikono yake akiwa na mimba. Kwenda mjini kukaa kitako huku trekta ya mtu mwingine ikipita juu ya jasho lake, hilo hakuwa na mahali pa kuliweka.

Asubuhi walikuwa wanapepeta ule mtama kidogo walioupata, ungo kwa ungo. Ni lazima niseme kwamba wawili hawa walikuwa na namna yao ya kuongea. Mama Pacha alikuwa mkimya, na mkamwana mkimya hawezi kumwambia mama mkwe afanye hivi au vile, angeanzia wapi? Lakini Bibi Fagio alikuwa anapenda vitendawili kuliko chai. Kwa hiyo Mama Pacha akiwa na neno zito alilivisha kitendawili, akalisukuma mbele taratibu, lijitembelee lenyewe.

"Mama, nitege?"

"Tega."

"Nina mzee wangu. Kila mwaka anatwishwa mzigo uleule kwenye bega lilelile. Akianguka, anavuliwa nguo."

Bibi Fagio akapeta ungo mara nne. Makapi yakaruka. "Punda wa mchanga."

"Siyo, Mama."

Akapeta tena. Mkono ukasimama hewani. "Ni shamba langu hilo. Na unasema mimi ndiye ninayelivua nguo."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Wewe hujasema. Kitendawili ndicho kimesema, na kimetoka mdomoni mwako." Lakini alikuwa anacheka pembeni mwa mdomo, maana alikuwa amekipata. "Haya, huyo mzee tumfanyeje?"

Ndipo Mama Pacha alipoingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na mbegu nyeusi za duara bapa, kila moja na utepe mweupe kichwani kama imechana nywele ikaweka njia. Fiwi, jamii ya maharage. Kabla ya kuolewa alikuwa mkamuaji kwenye shamba moja la ng'ombe wa maziwa, na huko, alisema, nafaka haikukaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Mwaka mmoja mtama, mwaka wa pili fiwi au kunde za kulisha ng'ombe, mwaka wa tatu mtama tena. Ardhi ilibadilishiwa bega.

"Nipe shamba la chini, Mama. Misimu miwili tu. Wa kwanza fiwi, wa pili tunarudisha mtama juu ya mashina ya fiwi. Shamba la juu ubaki na mtama wako kama kawaida, tulinganishe."

"Nusu ya shamba nimpandie ng'ombe wetu mmoja? Na sisi tule nini?"

"Ng'ombe atakula fiwi, sisi tutakunywa ng'ombe."

Bibi Fagio akampigia mwanawe simu kumwambia anataka misimu miwili. Nyuma ya dereva zikasikika honi. "Sawa, Mama. Misimu miwili. Halafu nitakuja mwenyewe nilione shamba kwa macho yangu, na Bwana Trekta awepo. Nikikuta ni yaleyale, tunamkabidhi, na wewe hutanikatalia tena."

"Sitakukatalia."

Alipokata simu ndipo alipogundua kwamba ametoa neno, na neno likishatoka halina mkia wa kulivuta.

Mvua ya kwanza ikaja, wakapanda. Fiwi zikaota kwa haraka ya ajabu, zikatambaa, zikashikana mikono, mpaka udongo wa shamba la chini haukuonekana tena. Bwana Trekta alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Bibi Fagio, na kwa hiyo alijipa ruhusa ya utani usiokwisha. Alisimamisha trekta njiani, akazima injini ili asikike vizuri.

"Shemeji, sisi wote tumeumia migongo kwa kupalilia majani. Wewe mwaka huu umeyapanda?"

"Nimeyapanda, shemeji. Wewe unafuga moshi, mimi nafuga majani. Tutaona nani atakamua."

Akaondoka akicheka, na moshi wake nyuma yake.

Siku moja wanapalilia, jua la saa nne, Mama Pacha akasimama akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mama, nitege?"

"Tega."

"Nina mpishi wangu. Anapika chini ya sakafu, moto hauonekani, moshi hautoki. Ukikata mlango wake kwa adabu, anakuachia chungu kimejaa. Ukimburuta nje, anaondoka na chungu chake."

Bibi Fagio akapalilia mstari mzima akifikiri. "Mchwa."

"Siyo."

"Panya buku."

"Siyo, Mama."

"Muhogo."

"Muhogo unaburutwa wenyewe ndio chakula, Mama. Basi nipe mji nikuambie."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa hakuna aliyejua siku ile. Kumpa mtu mji ni kukubali umeshindwa. Unamtajia mji wowote, anautembelea kwa maneno, halafu anakupa jibu. Na Bibi Fagio hakuwa amempa mtu mji tangu ana meno ya utoto. Alikuwa na mashindano na dunia nzima kwa jambo hilo.

"Usiniambie," alisema. "Nitakipata. Nikiwa nakanda, nikiwa naoga, kitakuja chenyewe."

Wiki ikapita. Mama Pacha akajaribu wakati wanachota maji. "Mama, kile cha mpishi..."

"Nimesema usiniambie."

Akajaribu wakati wanafunga mlango wa zizi. "Mama, jibu lenyewe lina maana, maana fiwi zimeshaanza kuchanua na..."

"Mwanangu, ukiniambia hutanitegea tena mpaka nife." Basi Mama Pacha akafunga mdomo. Alijisemea kwamba siku ya kukata watakuwa wawili pamoja shambani, na hapo atamwonyesha kwa mikono. Mikono haina utovu wa adabu.

Lakini siku kabla ya kukata akaitwa shuleni, mkutano wa wazazi wa darasa la kwanza. Akaondoka asubuhi na daftari chini ya kwapa.

Bibi Fagio akabaki peke yake na shamba lililochanua, na upendo ukampanda kichwani. Akasema, huyu mtoto amehangaika msimu mzima. Leo nitamfanyia kazi, arudi akute imeanza. Akashuka hadi kando ya njia, kule watu wanakopita, akaanza kama alivyoanza kazi yoyote ya maharage na kunde maisha yake yote: akainama, akashika shina chini kabisa, akang'oa.

Shina likatoka na mizizi. Akalipiga gotini kukung'uta udongo, akaangalia, akashtuka. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, vidogo kama punje za mtama, vimeng'ang'ania kila mahali. Akang'oa la pili, vinundu. La tatu, vinundu. Fiwi za watu zilikuwa zinaumwa, na maradhi yenyewe yalikuwa yamejificha chini, hata Mama Pacha hakujua. Akamshukuru Mungu aliyemtuma shambani siku ile. Akafanya kazi kama mtu anayetoa watoto ndani ya nyumba inayoungua. Majani akayakata na kuyaweka pembeni kwa ajili ya ng'ombe, mizizi yenye maradhi akaitupa kwenye lundo, na kila mstari ulioisha akaufagia, jani kwa jani. Mistari kumi na miwili. Lundo akalitia kiberiti. Kufikia saa saba ukanda ule wa kando ya njia ulikuwa safi kama kiganja.

Mama Pacha alipotokea kwenye kona ya njia aliona moshi kwanza. Akatembea haraka, halafu akakimbia, halafu akasimama.

"Karibu mwanangu," Bibi Fagio alisema, amejaa majivu mpaka kwenye nyusi. "Nimekuokoa. Fiwi zako zilikuwa na ndui miguuni. Zote nimezichoma."

Mama Pacha akaweka daftari chini. Akaenda kwenye mstari wa kumi na tatu, akachimba kando ya shina kwa vidole, taratibu, akatoa mzizi mmoja na vinundu vyake. Akachukua kinundu kimoja akakipasua kwa ukucha, akamnyooshea mama mkwe wake kiganja. Ndani kilikuwa chekundu, chekundu cha nyama hai.

"Siyo ndui, Mama. Humu ndimo fiwi inamopikia. Inachukua hewa, inaigeuza mbolea, inaiweka humu chini. Tukikata shina juu, kimo cha ngumi, mizizi inabaki na kuozea humohumo, na mtama wa mwakani unakula." Akasogeza kiganja. "Mpishi ni mzizi. Chungu ni hivi vinundu."

Bibi Fagio akageuka kuangalia lundo. Lilikuwa linatoa moshi mwembamba, mweupe, ukienda zake. Akakaa palepale alipofagia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama Pacha akamtazama tu. Na Bibi Fagio akajisikia mwenyewe, mara moja, mara mbili, mara tatu: usiniambie.

Mwisho Bibi Fagio akasema kwa sauti ndogo, "Basi nimekupa mji."

"Mji gani, Mama?"

"Wowote. Chukua wenye maji ya bomba."

Mama Pacha akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, lakini kicheko. Akamshika mkono akamwinua. Kesho yake wakakata zilizobaki, kwa mundu, kimo cha ngumi, bega kwa bega, na Bibi Fagio alikuwa akipima kila shina kwa ngumi yake kabla ya kukata, mpaka Mama Pacha akamwomba aache, maana wangemaliza mwaka kesho.

Wakazianika juu ya vichanja, wakazigeuza asubuhi na jioni ili majani yasikauke yakapukutika, wakazifunga matita, wakazipanga darini mwa zizi hadi dari likalia. Kiangazi kikaja. Ng'ombe wa watu wakabaki mbavu na mkia. Ng'ombe wao, mmoja tu, mwekundu, mwenye tabia ya kupiga ndoo teke, aliendelea kutoa maziwa mwezi baada ya mwezi, na pacha wakanenepa mashavu. Samadi waliigawa sawa kwa sawa, juu na chini, Bibi Fagio mwenyewe akihesabu vikapu, asije mtu akasema shamba moja lilipendelewa.

Kilichomtesa ni visiki. Shamba la chini lote, isipokuwa ule ukanda wake, lilisimama na visiki vyake na majani makavu yaliyopukutika, kama kichwa kilichonyolewa na mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Mikono ilikuwa inamwasha. Akipita alitazama upande wa pili. Lakini siku za upepo aliona jambo. Vumbi lilikuwa linapaa kutoka shamba lake la juu alilolifagia kama kawaida, na kutoka ule ukanda wa njiani, na kwenda kwa majirani. Kwenye visiki hakuna kilichopaa. Akasimama mlangoni na kikombe cha chai hadi chai ikapoa, akiangalia udongo wake ukihama bila kuaga.

Msimu wa pili wakapanda mtama kila mahali. Mvua zikaanza vizuri, mtama ukafika magotini, halafu mbingu ikafunga duka. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Shamba la juu likageuka njano, majani yakajikunja kama sigara, na chini yake kiduha kikatoa maua, zambarau kila mahali. Wiki ya tatu mvua ikarudi, lakini juu kule ilikuta watu wameshakata tamaa.

Shamba la chini halikukata tamaa. Lilikuwa la kijani kibichi, kijani kinachokaribia weusi, na kiduha ungekitafuta kwa tochi. Kila aliyeingia katikati yake alitoka akigeuka nyuma kutazama tena. Ila kuingia ilibidi upite kwanza kando ya njia, na kando ya njia palikuwa na mistari kumi na miwili ya mtama mwembamba, uliopauka, unaomfikia mtu machoni, uliosimama mbele ya ule mzuri kama pazia kuukuu mbele ya nyumba mpya. Kutoka njiani ndio huo tu uliouona. Mpaka wake ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Mstari wa kumi na mbili, huu. Mstari wa kumi na tatu, ule.

Dereva akapiga simu: anakuja Jumamosi.

Ijumaa wakiwa wanaosha vyombo Mama Pacha akasema, bila kitendawili, "Mama, akiuliza huo ukanda, tutasema watu wamekanyaga wakipita. Hakuna haja ya mengine."

Bibi Fagio akasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Umefikiria hilo lini?"

"Siku ileile."

Akasuuza sufuria, akaenda kulala. Usingizi ulikuja, lakini ulikaa kwenye ukingo wa kitanda.

Jumamosi dereva akafika, ameegesha lori barabarani na kutembea na Bwana Trekta, wakisalimiana na njia nzima. Wakasimama pale pale, kando ya njia. Mama Pacha alikuwa nyuma ya mama mkwe wake, hatua mbili. Dereva akatazama shamba la juu, njano. Akatazama mbele yake, ule mtama mwembamba. Mabega yake yakashuka.

"Ndio huu?"

"Ndio uliopandwa kwenye fiwi," Bwana Trekta alisema, na wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa na huruma kidogo. "Nilimwambia shemeji. Majani yanakula udongo kama mtama tu unavyokula. Mngeweza kuvuna misimu miwili hapa, mmevuna nusu."

"Watu wamekanyaga hapa wakipita," Mama Pacha alisema, macho chini.

"Watu gani wanakanyaga mistari kumi na miwili, imenyooka hivi?" mumewe akauliza, na swali lilikuwa la haki. Akamgeukia mama yake. "Mama. Tulikubaliana."

Bibi Fagio akaona njia mbili. Angenyamaza, na jina lake la miaka thelathini na minne lingebaki safi, lipandishwe kwenye lori likakae chumba na sebule. Au angesema, mbele ya Bwana Trekta, ambaye neno likiingia kwenye sikio lake la kushoto hutokea kwenye kila nyumba kabla ya jioni.

"Hakuna mtu aliyekanyaga," alisema. "Ni mimi."

Wote wakamtazama.

"Mke wako alisema tukate, tuache mizizi. Yaani alitaka kusema, nikamzuia, kwa kiburi changu. Akaenda shuleni, mimi nikaingia nikaing'oa mizizi yote kuanzia hapa hadi pale, nikafagia, nikachoma moto. Nilidhani ni maradhi. Nilikuwa nachoma chakula cha mtama huu unaouona." Akamgeukia Bwana Trekta. "Na nikuambie lingine, shemeji, ukatangaze vizuri usikosee. Miaka thelathini na minne nimekuwa nikifanya hivyohivyo na shamba lote. Mlikuwa mnanisifia."

Bwana Trekta akavua kofia mbele yake. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

"Sasa mwanangu," Bibi Fagio akasema, "hapa mbele ni kazi yangu. Ingia uone kazi ya mke wako."

Dereva akavuka mistari kumi na miwili kwa hatua ndefu. Kwenye wa kumi na tatu akapotea. Kwanza mabega, halafu kofia. Wakasikia majani yakisugua nguo yake, yakienda mbali. Halafu sauti kutoka ndani kabisa:

"Mama?"

"Tupo."

"Nimetokea upande gani? Sioni kitu huku."

Mama Pacha akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Bwana Trekta akaingia kumtafuta, naye akachukua muda kurudi. Walipotoka walikuwa na makapi ya mtama kichwani, na dereva amekamata suke moja kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Akalipima kiganjani, akampa Bwana Trekta, naye akalipima, akalirudisha bila utani wowote.

Dereva akamtazama mkewe. "Na hili la juu, unalifanyaje?"

"Msimu ujao fiwi juu, mtama chini mara moja tena ili tule," alisema Mama Pacha. "Halafu tunageuza. Kila mwaka moja linabeba, moja linapumzika."

"Na mtakula nini kwenye nusu?"

"Tutakula hiyo nusu," Bibi Fagio akadakia. "Mwaka juzi juu na chini, lote, tulijaza magunia mangapi? Wewe ndiye uliyeyabeba, sema."

Dereva aliijua hesabu hiyo, na magunia yake yalikuwa mepesi. Akamgeukia Bwana Trekta, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee wangu, nisamehe kwa kukutoa nyumbani. Shamba halikodishwi."

"Nimeona," Bwana Trekta alisema. Akatembea hatua chache, akarudi. "Shemeji. Hizo mbegu za majani... kuna kopo lililobaki?"

"Muulize mwenyewe," Bibi Fagio alisema, akamsogeza Mama Pacha mbele kwa kiganja mgongoni.

Mavuno yakaja, na kwenye ghala lao hapakuwa na nafasi ya kutosha. Magunia mawili yalilala chumbani kwa pacha, wakayapanda kama milima. Jina la Bibi Fagio halikubadilika, watu si wepesi kuacha jina zuri. Walilitaja tu wakicheka zaidi kuliko zamani, naye alijifunza kucheka nao, siku nyingine hata kabla yao.

Mvua ya kwanza ya msimu wa tatu iliponyesha walipanda mawingu yakiwa bado yametanda, shamba la juu, Mama Pacha akichora mifereji kwa jembe, Bibi Fagio akidondosha mbegu na kufukia kwa kisigino. Udongo ulikuwa na harufu kama ya mkate. Simu ikaita kwenye upindo wa kanga ya Bibi Fagio, akaibana kati ya sikio na bega.

"Mama, huko imenyesha?"

"Imenyesha na bado inanyesha, mikono imejaa, nitakupigia."

"Mmefika wapi?"

"Katikati. Acha nifanye kazi."

Simu ikadondoka kwenye tope, akaiacha hapo kidogo. Mbele yake Mama Pacha alikuwa amesimama na jembe, akiangalia mstari waliotoka.

"Mama, umezibana. Fiwi zinataka kutanua miguu. Ziachie hatua."

Bibi Fagio akageuka, akatazama, akainama akafukua mbegu mbili kwa kidole, akazifuta kwenye nguo. Akapanua hatua yake, akaenda kuziweka mbele zaidi.